Injini za Philadelphia Katika Mlima wa Mau

Watu wa Nakuru, Njoro na Molo wajua ya kuwa reli ipitayo kwao ilijengwa na Waingereza kwa jasho la Wahindi na Waafrika. Hayo ni kweli. Lakini ni wachache wajuao kwamba katika miaka ile ya mwanzo sehemu kubwa ya injini zilizovuta mizigo ya reli hiyo hazikutoka Uingereza hata kidogo. Zilitoka katika mji wa Philadelphia huko Marekani, katika kiwanda cha Baldwin, na zililetwa kwa meli kati ya mwaka 1899 na 1900, zaidi ya 30 kwa jumla. Jambo hili lilizusha maneno makali katika Bunge la London, kwa kuwa fedha zilizotumika zilikuwa za mlipa kodi wa Kiingereza, nazo zilikwenda kumnenepesha mfanya biashara wa nchi nyingine. Je, aliyenunua alinunua vema, au aliharakia bei na kupata hasara?

Ili kulijibu swali hilo hapana budi kwanza kuitazama hali ya reli yenyewe. Reli ya kwanza ililazwa Mombasa mwaka 1896. Mwezi wa Mei mwaka 1899 njia ilifika Nairobi, mahali palipokuwa bwawa tu na nyasi. Mbele yake palikuwa na ukingo wa Bonde la Ufa, kisha Naivasha, Nakuru, mlima wa Mau, na mwisho Ziwa Victoria. Watu walikuwa maelfu penye ncha ya reli. Chakula chao, maji yao, mahema, reli, mataruma ya chuma na misumari, vyote vilitoka pwani kwa gari la moshi juu ya njia ile ile waliyokuwa wakiijenga. Kila maili moja iliyoongezwa mbele iliongeza safari ya kila gunia la mchele lililotoka nyuma. Injini zilizokuwapo zilikuwa chache, na baadhi yao zilikuwa kuukuu zilizokwisha kutumika katika reli za Bara Hindi. Injini moja ikiharibika, watu mia kadhaa hukaa bure, na mshahara wao unaendelea kuhesabiwa.

Sasa huko Uingereza mambo yalikuwa yameharibika. Tangu Julai 1897 hata Januari 1898 mafundi wa mitambo na matajiri wao walikuwa katika mgogoro mkubwa. Mafundi walitaka siku ya kazi iwe ya saa nane; matajiri wakafunga milango ya viwanda. Milango ilipofunguliwa tena, kazi zilizongojea zilikuwa zimerundikana kama magunia katika ghala la mavuno, na mtu aliyetaka injini aliambiwa angoje. Hata kampuni za reli za Uingereza kwenyewe hazikuweza kungoja: mwaka 1899 kampuni tatu kubwa, yaani Midland, Great Northern na Great Central, zilinunua injini za Marekani. Basi si ajabu kwamba Kamati ya Reli ya Uganda nayo ilielekeza macho yake ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Kiwanda cha Baldwin kilikuwa na sifa ya kufanya kazi upesi. Matthias Baldwin, mwanzilishi wake, alianza kama fundi wa vito na mapambo, akatoa injini yake ya kwanza ya reli mwaka 1832. Kufikia mwaka 1900 kiwanda chake kilitoa injini zaidi ya 1,000 katika mwaka mmoja. Siri yake haikuwa uchawi. Vipande vilitengenezwa kwa vipimo vya namna moja, hata kipande cha injini hii kiliingia katika injini ile pasipo kuchongwa upya. Mnunuzi akichagua namna iliyokwisha kuwapo katika daftari la kiwanda, kazi iliyobaki ilikuwa kubadili upana wa magurudumu na mambo machache mengine. Reli ya Uganda ilikuwa ya upana wa mita moja, nyembamba kuliko reli kubwa za Marekani, lakini Baldwin walikuwa wamezoea reli nyembamba kwa muda mrefu.

Hapa yafaa kusimama kidogo na kueleza hizo reli ndogo za Marekani zilivyokuwa, kwa maana huko ndiko tabia ya injini hizi ilikozaliwa. Katika karne ya 19 nchi ile ilijaa kampuni ndogo ndogo za reli. Nyingine zilikuwa na maili 20 au 30 tu, toka shimo la makaa ya mawe hata mtoni, au toka msitu wa mbao hata mjini. Fedha zilikuwa haba, na nchi ilikuwa pana. Basi walilaza reli juu ya ardhi vivyo hivyo ilivyo, wakizunguka vilima badala ya kuvitoboa, na kuweka madaraja ya miti badala ya mawe. Uingereza walifanya kinyume: walitumia mali nyingi kunyosha njia, kisha wakaunda injini nzuri ngumu za kupita juu ya njia nzuri. Injini ya namna hiyo ikiletwa juu ya njia mbovu, gurudumu moja huning'inia hewani penye shimo, na baadaye injini huacha reli.

Mafundi wa Marekani waliunda injini ya kufuata njia mbovu. Mwaka 1832 John Jervis aliweka mbele ya injini kigari kidogo kigeukacho, kiongozacho magurudumu makubwa katika kona. Baadaye kidogo Joseph Harrison alifunga magurudumu kwa mitaimbo inayogawanya uzito: gurudumu moja likishuka katika shimo, mwenzake hupokea mzigo, mfano wa watu wanaochukua gogo mabegani na mmoja wao akakanyaga bonde. Kiunzi cha injini hakikuwa cha mabamba mapana kama cha Kiingereza, bali cha nondo nene za chuma, ambacho ni chepesi kutengenezeka hata na mhunzi wa mashambani. Mbele kabisa waliweka wavu wa chuma wa kusukumia ng'ombe pembeni, kwa kuwa reli zao hazikuwa na ua. (Wafugaji wa Bonde la Ufa wataona wenyewe kama kifaa hicho kilikuwa cha rehema au sivyo.)

Kwa kuvuta mizigo, namna mbili zilipata sifa. Ya kwanza iliitwa Mogul: magurudumu sita makubwa yaliyounganishwa, na mawili madogo mbele. Ya pili ilikuwa na makubwa manane, nayo jina lake lina kisa. Mwaka 1866 fundi Alexander Mitchell wa kampuni ndogo iliyoitwa Lehigh and Mahanoy, kampuni ya makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania, aliwaomba Baldwin wamtengenezee injini ya kupanda milima ya kwao. Wakati ule ule kampuni yake ilikuwa ikiunganishwa na nyingine kubwa, basi injini ikapewa jina la Consolidation, maana yake Muungano. Jina la injini moja likawa jina la ukoo mzima, duniani kote. Miaka 11 baadaye, mwaka 1877, injini ya ukoo huo iliyoitwa Alamosa ilipelekwa katika kampuni changa ya Denver and Rio Grande, yenye reli nyembamba ya futi tatu, ili kupandisha mizigo katika mlima wa Veta, wenye kimo cha zaidi ya futi 9,000, ambapo njia ilipanda futi 1 kwa kila futi 25.

Injini zilizoletwa katika nchi yetu zilikuwa za ukoo wa Mogul. Mtu asidhani kwamba zilichaguliwa kwa uzuri wa sura. Reli ya Uganda ililazwa kwa vyuma vyepesi vya ratili 50 kwa kila yadi, visivyoweza kuchukua gurudumu zito. Uzito wa injini ilibidi utawanywe juu ya magurudumu mengi, na bado utoshe kushika reli. Tena njia yenyewe katika siku zile haikuwa na kokoto za kutosha. Mahali pengi ilikuwa ya muda tu, ikishuka bondeni na kupanda upande wa pili, kungojea daraja lijengwe. Kwa neno moja, ilikuwa reli ya Kimarekani kwa tabia, ijapokuwa wenyewe walikuwa Waingereza. Penye ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Kikuyu, mteremko ulikuwa mkali hata mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma juu ya majukwaa yenye magurudumu, mpaka njia ya kudumu ilipomalizika.

Mlima ni adui wa mvutaji mizigo kuliko masafa, na hesabu ndogo itamwonyesha msomaji sababu yake. Tutwae injini yenye nguvu ya kuvuta ratili 10,000. Katika nchi tambarare tani moja ya mzigo juu ya reli huhitaji nguvu ya ratili 10 tu ili iende. Kwa hiyo injini ile yaweza kuvuta tani 1,000, na humo tuhesabu tani 60 za injini yenyewe pamoja na kuni zake na maji yake. Lakini njia ikipanda futi 1 kwa kila futi 50, kila tani huvuta kurudi nyuma kwa ratili 45 hivi, juu ya zile 10 za kwanza, jumla 55. Gawanya 10,000 kwa 55: utapata tani 180. Toa 60 za injini, zinabaki 120. Toa tena uzito wa mabehewa matupu, kama tani 40, na mzigo wenyewe wa kuuzwa ni tani 80, yaani magunia ya mahindi 900 hivi ya ratili 200 kila moja. Malori makubwa matatu ya siku hizi huyachukua yote.

Nakuru ipo katika kimo cha futi 6,000 na kitu. Mau Summit ni zaidi ya futi 8,300. Katikati yake ni mvua, ukungu na reli iliyolowa. Gurudumu la chuma juu ya chuma chenye maji huteleza, nalo likiteleza nguvu yote huwa bure. Ndiyo sababu injini zilichukua mchanga mkavu katika chombo cha mviringo juu ya mgongo wake, na dereva alifungua kijibomba mchanga ukaanguka mbele ya gurudumu. Mchanga ukilowa haumwagiki. Kuukausha ilikuwa kazi ya mtu maalumu.

Chakula cha injini kilikuwa kuni. Makaa ya mawe yalipasa kuletwa kwa meli, kisha kupandishwa toka pwani, na injini ingekula njiani sehemu kubwa ya kile ilichokuwa ikikipeleka. Misitu ya Mau ilikuwa karibu. Mitarakwa na miti mingine ilikatwa, ikapasuliwa, ikapangwa kando ya stesheni kwa vipimo, na mchochea moto aliitupa kipande kwa kipande ndani ya tanuru, saa baada ya saa, akikabili moto mbele na baridi ya Mau mgongoni. Madereva wa kwanza walikuwa Wazungu na Wahindi. Waafrika waliwekwa penye kuni na mafuta, na miaka mingi ilipita kabla hawajakabidhiwa mkono wa kuongozea injini. Kuni zilipopungua, Serikali na reli zilipanda mikaratusi kwa ajili ya moto huo. Mikaratusi ambayo wakulima wengi wa leo huilaumu kwa kunywa maji ilifika nchi hii kwa sehemu kubwa kwa sababu ya tumbo la injini.

Kuni zina ubaya mmoja usiopatikana sana katika makaa: cheche. Wamarekani walikuwa wamejifunza jambo hili kwa kuunguza mashamba na ghala, na wakaunda bomba la moshi lililotuna kama kibuyu, lenye wavu ndani, ili cheche zizunguke na kuzimika kabla ya kutoka. Katika nyasi za Nakuru mwezi wa Februari, upepo ukivuma toka Menengai, kila mkulima atafahamu thamani ya wavu huo.

Adui mwingine alikuwa maji yenyewe. Bonde la Ufa ni nchi ya magadi. Ziwa la Nakuru na la Elmenteita yashuhudia. Kila mpishi ajua ya kuwa ukitia magadi mengi katika chungu cha maharagwe, povu hupanda na kumwagika. Ndivyo ilivyo katika chungu cha injini. Maji yenye magadi yakichemka hutoa povu, povu huingia katika mabomba ya mvuke pamoja na maji, na maji hayakubali kushindiliwa kama mvuke. Yakifika katika silinda yaweza kupasua chuma. Basi haikutosha kupata maji. Ilibidi kupata maji matamu, yatokayo mitoni milimani, na kuyaleta kwa mabomba hata kwenye matangi ya stesheni.

Turudi sasa katika swali la bei. Kampuni ya Midland, baada ya kuzijaribu injini zake za Marekani, ilitangaza kuwa zilikula moto zaidi kwa asilimia 20 hata 25, mafuta zaidi kwa asilimia 50, na matengenezo zaidi kwa asilimia 60, kuliko injini zake yenyewe. Maneno haya yalishangiliwa sana na wenye viwanda vya Uingereza. Injini hizo zilivunjwa zote kabla ya mwaka 1915. Mtu akisoma hesabu hiyo peke yake atasema kuwa Kamati ya Reli ya Uganda nayo ilidanganyika.

Lakini hesabu ya Midland ilifanywa juu ya njia iliyonyoka, penye karakana nzuri na mafundi waliozoea namna moja tu ya injini. Injini yenye kiunzi cha nondo na magurudumu ya kulegea haina faida huko. Ni kama kumvalisha mtu viatu vya shambani aende dansi. Juu ya njia ya muda katika Mau faida yake ilikuwa dhahiri. Tena lipo jambo kubwa zaidi ambalo hesabu ile haikuligusa, nalo ni wakati. Injini ifikayo mwaka huu, hata ikiwa inakula kuni robo zaidi, hufanya kazi mwaka huu. Injini bora ifikayo baada ya miaka miwili huacha watu maelfu wakila posho bila kazi miaka miwili. Reli ilifika Kisumu, mahali palipoitwa Port Florence wakati ule, tarehe 20 Desemba 1901. Pasipo injini zile ingefika baadaye sana. Kamati haikukosea katika kununua. Kama ilikosea, ilikosea mapema zaidi, kwa kuanza safari ya maili 580 pasipo kuhesabu vyombo vya kusafiria.

Habari ya madaraja ni ya namna hiyo hiyo. Toka Mau kushuka hata ziwani palihitajika madaraja marefu ya chuma 27. Kazi hiyo ilipewa American Bridge Company ya New York, iliyotaka bei ndogo na muda mfupi kuliko Waingereza. Chuma kilikatwa na kutobolewa Marekani, kila kipande kikatiwa alama yake, kisha kikaunganishwa katika mabonde ya Mau na mafundi Wamarekani wachache pamoja na wafanya kazi wa Kihindi, chini ya mhandisi A. B. Lueder. Bungeni kelele zilikuwa kubwa kuliko zile za injini. Madaraja yakasimama.

Hesabu nyingine haikutajwa Bungeni kwa sauti kubwa kiasi hicho, nayo ni ya watu wenye nchi. Kwa mapatano ya mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Naivasha na Nakuru, wakapelekwa Laikipia na kusini, ili nchi iliyo kandokando ya reli igawiwe walowezi. Kwa kuwa reli iliyogharimu zaidi ya pauni milioni tano ilitaka mizigo, na wakubwa waliamini kwamba mizigo italetwa na mashamba makubwa. Wanandi, upande wa magharibi, walichukua waya za simu na misumari ya reli kwa mapambo na silaha, na vita juu yao viliendelea hata Koitalel alipouawa mwezi wa Oktoba 1905. Katika miaka ya 1920 nauli ya mahindi yapelekwayo ng'ambo ilipunguzwa ili kumsaidia mlowezi, na pengo likajazwa na nauli kubwa ya bidhaa zilizoingia, ambazo Mwafrika naye alizinunua. Injini haikuuliza gunia ni la nani. Lakini bei ya kulivuta mtu alipanga.

Mogul za Baldwin hazikudumu kama malkia wa mlima. Mahindi na ngano viliongezeka, na mwaka 1926 zilianza kuja injini za namna ya Garratt, ambazo ni kama injini mbili zilizofungwa mgongo kwa mgongo na chungu kimoja katikati. Zilizokuwa kubwa kuliko zote, 34 kwa idadi, zilitoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 na jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Moja ya hizo, Mount Gelai, huonekana katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Njia ya Nakuru kwenda Eldoret, iliyofika Eldoret mwaka 1924, hupita Timboroa katika kimo cha zaidi ya futi 9,100, karibu sawa na ule mlima wa Veta wa injini Alamosa. Nayo ilijengwa kwa werevu zaidi, bila ya kupanda ukali ule.

Mvuke ulikoma, dizeli ikashika kazi. Mwaka 2014 kampuni ya Rift Valley Railways, iliyoendesha reli hii hata mwaka 2017, ilinunua injini 20 za dizeli za General Electric zilizokwisha kutumika Marekani. Zilitengenezwa upya, magurudumu yake yakapunguzwa upana hata kufikia mita moja, zikapakuliwa Mombasa, na kupelekwa juu kuvuta mizigo katika njia ile ile ya Nakuru na Mau.